Barua kwa mwanangu: kabla hatujanunua hiyo iPhone 17

Marahaba baba. Voisi zako zote nimezisikiliza, ile ndefu nimeirudia jioni maana mchana hapa dukani fundi jirani anafungulia mziki mpaka kabati la kava linatetemeka. Nimeona nikikujibu kwa voisi ntasahau nusu ya maneno, bora nikuandikie, na we usome yote usiruke ruke.

Sijasema hapana. Umesema unataka iPhone 17, hela nyingine itoke kwenye boom, yani ile hela ya mkopo wa chuo, inayobaki nijazie mimi, na sababu ni kwamba simu yako imechoka. Hapo kwenye imechoka ndo tuanzie. Mi nauza kava na chaja mtaa wa Aggrey hapa Kariakoo, kila siku napitiwa na watu wanaoniambia mama simu yangu imechoka, ukiishika unakuta simu nzima kabisa, kilichochoka ni betri, na mwenyewe keshaiona ya mwenzake.

Simu yako ni Galaxy A54, imetoka 2023. Samsung walivoitoa waliahidi matoleo mapya manne ya Android na apdeti za usalama miaka mitano, yani mpaka 2028. We unamaliza chuo kabla ya hapo, labda uamue kurudia mwaka, na hilo sitaki hata kulisikia. Afu ule ulaini wa kioo unaousifia kwenye simu ya roommate wako, kwamba ukiskrol hakikwami, ni kwa sababu kioo kinajichora upya mara 120 kwa sekunde. Chako kinafanya hivohivo tangu siku tunakitoa boksini. iPhone za kawaida, zisizo Pro, zilibaki na 60 mpaka iPhone 16, hii 17 ya Septemba 2025 ndo ya kawaida ya kwanza kufika 120. Kama kwako haionekani hivo ingia seting upande wa kioo uangalie, nahisi ulizima mwenyewe kuokoa chaji.

Sasa hiyo chaji. Umesema saa nane mchana simu imekufa. Baba, betri hizi za lithiamu zinazeeka tu hata uzitunze vipi, kila ukichaji uwezo unapungua kidogo. Apple wenyewe wameandika kwamba betri za iPhone 14 kurudi nyuma zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500, kuanzia iPhone 15 ndo wakafika mara 1000. Ya kwako ni lithiamu hiyohiyo, na we nakujua, unachaji huku unacheza gemu, simu iko juu ya godoro, kava gumu, au umeiacha dirishani na jua la Dodoma linaipiga. Joto ndo adui namba moja wa betri. Ukiwa na nafasi washa ile seting ya kulinda betri, chaji iwe inaishia 80, sio lazima ijae kila siku kama pipa.

Na usidhani yanakukuta we peke yako. Mwaka 2017 Apple walikiri wenyewe kwamba walikua wanapunguza spidi ya iPhone zenye betri iliyozeeka ili zisizime ghafla. Watu walikasirika sana, wengine walikua washakimbilia kununua mpya wakijua simu imeisha. Mwisho wa mwaka huohuo ikabidi washushe bei ya kubadili betri kutoka dola 79 mpaka 29, na waliobadili wakakuta simu ileile imerudi na spidi yake. Ndo mana nakwambia, kununua simu mpya kwa sababu ya betri ni kama kuhama nyumba kisa taa imeungua.

Ya storeji sina maneno mengi. Umejaza magrupu ya WhatsApp, video za watu wasiokujua. Futa. Na A54 ina sehemu ya memori kadi, weka moja. iPhone haina hiyo sehemu, haijawahi kuwa nayo, ukijaza umejaza.

Tuje kwenye hela sasa. iPhone 17 ya kawaida Marekani inaanzia dola 799 na hapo bado kodi. Apple hawana duka lao wenyewe Afrika nzima, kwa hiyo kila inayofika hapa imepita kwenye mikono ya watu, na kila mkono unataka chake. Tuseme tu milioni mbili, najua Kariakoo ni zaidi ila tuseme mbili ili hesabu iwe nyepesi. Boom ya kula na malazi ni 10,000 kwa siku. Milioni mbili ni siku 200 za kula na kulala. Na ile ni hela ya mkopo baba, utakuja kukatwa mshahara miaka na miaka, afu uniambie umekatwa kwa ajili ya simu ambayo muda huo hata hujui iko wapi?

Najua utasema si kuna zile za kulipia kidogo kidogo. Zipo, vijana wanapitia hapa kila siku, unatoa kianzio afu unalipa kwa siku au kwa wiki, ukichelewa simu inajifunga yenyewe mpaka ulipe. Kwa bodaboda anayetafuta simu ya kazi na hela anaiona kila siku mi simkatazi. Kwa mwanafunzi ambaye boom ikichelewa anakopa wali kwa mama ntilie, hapana. Simu itajifunga wiki ya mitihani, notisi zote ziko humo. Na ukipiga hesabu ya jumla unakuta umelipa zaidi ya mwenye kashi, mwambie muuzaji akuandikie jumla kwenye karatasi uone anavobabaika.

Upande wa used ndo naujua zaidi, na huku ndo nakuogopea mana rafiki zako watakuleta tu. Kuna iPhone XR zinavalishwa mwili wa iPhone za Pro, kamera tatu nyuma zinang'aa, moja tu ndo kamera hizo nyingine pambo. Ukiishika huwezi kujua. Ingia seting, Jumla (General), afu Kuhusu (About), hapo angalia jina la modeli (Model Name) ndo litasema ukweli, sio lile jina ambalo mtu anajiandikia. Hapohapo kuna sehemu ya vipuri, inakuonyesha kama betri, kioo au kamera vilishabadilishwa na kama ni orijino. Ile asilimia ya betri usiiamini kwa macho, mafundi wana kimashine wanaipandisha mpaka 100 wakati betri ni ya mwaka juzi. Jaribu Face ID, ile ya kufungua simu kwa sura, palepale, ikiharibika kuitengeneza ni shughuli, wengi wanakuuzia wakisema "haina shida tumia namba tu". Akaunti ya iCloud ya mwenye simu iwe imetolewa na simu ifutwe mbele yako kabla hela haijatoka mfukoni, sio "ntakutumia paswedi nikifika nyumbani". Na IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, piga *#06# uipate afu itume kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uone jina la simu linalorudi linafanana na ulichoshika. Ulikua mdogo 2016 pale TCRA walipozima simu feki nchi nzima, mi nakumbuka watu walivokuja hapa na simu zimekua vioo vya kujitazama tu.

Hizo XR na XS zenyewe achana nazo hata kama ni halali. Ni za 2018, toleo la iOS 26 limeziacha, linaanzia iPhone 11. Utakua na iPhone ya picha ya kioo cha choo cha hosteli, apdeti kubwa huzioni tena.

Alafu kuna hili la laini, watu wanapigwa sana. iPhone zinazouzwa Marekani tangu 14 hazina tundu la laini, ni eSIM tupu, yani laini isiyo na kadi, imo ndani ya simu yenyewe. Kwa iPhone 17 wamezidi, na zinazouzwa Dubai, Saudia, Oman, Qatar, Kuwait na Bahrain nazo hazina tundu. Ile iPhone Air ndo haina popote duniani. Na mzigo mwingi wa Kariakoo unatokea wapi? Dubai. Mitandao yetu eSIM wanatoa sawa, ila fikiria we uko Dodoma simu imezima au imeanguka, M-Pesa iko humo, hela niliyokutumia iko humo. Leo unachomoa laini unaiweka kwenye kitochi cha mwenzako, unatoa hela unakula. Kwenye eSIM uanze safari ya kwenda dukani kwa mtandao na kitambulisho, uombe wakuhamishie, na huyo mwenzako kitochi chake hata hakijui eSIM ni nini.

Haya, sasa ile sababu yako ya mwisho, na kusema kweli ndo pekee iliyonifanya nisikukatalie palepale. Umesema unataka kuanza kupiga picha na video za graduation na kitchen party. Hilo nimelipenda. Na ntakua mkweli, kwenye video iPhone iko mbele ya A54, hasa usiku na mtu akitembea, na Instagram na Snapchat zinatoka vizuri zaidi kwenye iPhone, nimeona kwa macho hapa dukani watu wakilinganisha. Lakini niambie, umeshampiga nani picha akakulipa? Hata mmoja? Kamera ya A54 ni megapiksel 50 na ina kitulizo cha mkono ukitetemeka. Picha ukimtumia mteja WhatsApp inabanwa, uwe umepiga na simu ya laki tatu au ya milioni nne, labda uchague HD ibanwe kidogo, au umtumie kama dokyumenti isibanwe. Umewahi kujua hilo? Anza kuwatumia watu kama dokyumenti wataona tofauti wenyewe.

Na video za sherehe mara nyingi haziharibikii kwenye kamera, zinaharibikia kwenye sauti na mwanga. MC anaongea huku spika inaunguruma, bibi harusi kasimama giza. Maiki ndogo ya kubana kwenye kola, stendi, na taa, vyote hivo ninavo hapa dukani, vingine jirani anavo, na vyote kwa pamoja havifiki hata robo ya hiyo simu. Chukua hivo, piga kazi na A54 muhula huu, watu wakulipe. Ukiniletea daftari lenye majina ya wateja, nani kalipa ngapi, na kazi gani uliikosa kwa sababu simu ilishindwa, hapo tutakaa mezani mi na wewe tutafute simu, na sio lazima iwe 17. Used ambayo mwenyewe kaichoka inaweza kukufanyia kazi yote, iPhone 15 kwa mfano ina tundu la Type-C, chaja yako hiyohiyo ya Samsung inaingia. Hata Samsung wenyewe kuanzia Galaxy S24 ya 2024 wanatoa apdeti miaka saba, itafute tu bei ikishuka.

Hilo la wenzako hosteli kukucheka kwamba we ni wa Android, sijalipuuza. Umri wako kuchekwa kunauma na mi sio jiwe. Ila hao unaowaona nao wengi wana 11 na 12 used zilizobadilishwa betri palepale mezani kwa fundi wetu, mi nawauzia kava, najua.

Basi fanya hivi. Hela ya betri natuma Ijumaa, nimeshamuuliza fundi hapa bei nzuri ni ipi, asikudanganye mtu huko. Betri iwe ya A54 sio "inafanana", akupe na ile ya zamani uione, na mwambie arudishie gundi vizuri mana simu hiyo inahimili maji na ikifunguliwa ovyo hiyo habari inaisha. Kabla hujampa toa laini, hamisha picha zote, usimwachie paswedi. Na IMEI nipigie skrinshoti unitumie leo leo niiandike kwenye daftari, siku ikikwapuliwa polisi watakuuliza hiyo kabla ya kukuuliza jina.

Maiki na stendi ntaviweka kwenye basi la Jumamosi, taa subiri nione kama mzigo mpya unakuja na za kuchaji, mana huko kumbini umeme mnajua wenyewe.

Baba yako anakusalimia. Anasema kama kuna simu mpya inanunuliwa familia hii basi foleni inaanzia kwake, maana yeye hata kamera hana.

Mama yako