Tukiweka kila kitu ndani ya simu, tiketi ya karatasi isiondolewe

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wasafiri wenzangu, na zaidi na wenye mabasi. Mimi ni mama mfanyabiashara, nauza leso na madera hapa Majengo, na huu ni mwaka wa 26 niko njiani. Nairobi naenda karibu kila mwezi, Tanga nikiitwa na wateja, na Lamu mara mbili au tatu kwa mwaka.

Nilipoanza, kabla ya kupanga nguo nilikuwa napanga vyombo. Kulikuwa na redio ndogo ya mawe manne, tochi, kalkuleta, kamera ya filamu ya picha 36, na saa ya kengele ambayo nilikuwa naivisha soksi isije ikapasuka kioo. Juu ya hivyo kulikuwa na daftari la namba za wateja. Mkoba huo ulikuwa mzito kuliko nguo zangu. Kamera ndiyo iliyonichosha zaidi. Nikipiga picha ya leso mpya lazima filamu iishe, ipelekwe studio isafishwe, picha zipelekwe Lamu na mtu anayesafiri, na mteja anapoziona na kuchagua, pea yenyewe nimeshaiuza kitambo.

Kimoja kimoja vikatoka mkobani. Cha kwanza kilikuwa tochi, siku niliponunua Nokia 1100, ile simu iliyotoka mwaka 2003 ikiwa na taa kichwani. Na saa ya kengele ikafuata, maana simu ile ilikuwa inaamsha nyumba nzima. Kalkuleta nayo ikaenda. Kamera ilisubiri mpaka nikapata simu ya kioo, na hapo ndipo biashara yangu ilipobadilika.

Leso haipigwi picha ovyo. Naikunjua nusu, napiga pindo, napiga mji, halafu nasogea karibu nipige jina, kwa sababu mwanamke wa Lamu husoma jina kabla ya kutazama rangi. Taa za dukani hudanganya. Zambarau chini ya taa ile nyeupe huonekana samawati, na mteja akipokea mzigo anasema nimembadilishia. Kwa hiyo hutoka nayo mpaka mlangoni, mwanga wa jua uipate kwa upande. Picha tatu, zinatumwa hapohapo, na kabla sijaikunja leso nimeshajibiwa. Mtu akiniambia nirudie kamera ya filamu nitamwambia hapana, wala sitafikiri mara mbili.

Na ramani je? Njia ya Lamu ina mahali mtandao unapotea kabisa, lakini simu bado inaonyesha tuko wapi, kwa kuwa kipokezi cha GPS husikiliza setilaiti moja kwa moja na hakihitaji mtandao wa simu. Mradi ramani umeipakua nyumbani kabla hujaondoka. Kijana wangu ndiye aliyenifundisha hilo, na tangu hapo basi likisimama gizani najua tumebakisha kiasi gani kufika Mokowe.

Kibla pia nilijaribu kuitafuta kwa dira ya simu. Sisi wa Mombasa tunajua Kibla yetu ni kaskazini, kwani Makka na Mombasa zote ziko kwenye longitudo ya digrii 39 na kitu, na hata Nairobi hupinda kidogo tu kuelekea mashariki. Siku moja niko nyumbani kwangu, simu ikanielekeza upande wa Likoni, kusini kabisa! Kumbe kasha nililoivisha lilikuwa na sumaku ya kufungia. Nililivua, dira ikatulia. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaoiamini dira ile wakiwa ugenini, nao hawajui kwamba sumaku na chuma vinaivuruga.

Kitu kimoja tu ndicho nilichokikosa katika kuunganisha huku, nacho ni redio. Simu yangu ya zamani ilikuwa na redio, na waya wa visikizio ndio uliokuwa erio yake. Hii ya sasa haina tundu la visikizio wala redio. Wanasema redio iko kwenye intaneti, lakini intaneti inakula bandali, na panapokosekana mtandao hapo pia redio inanyamaza. Nimenunua redio ndogo tena. Iko mkobani sasa hivi.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Mwezi uliopita nilikwenda Eastleigh, kule Nairobi, kuchukua madera. Mchana nikakata tiketi ya basi la usiku la kurudi Mombasa, nikalipa kwa M-Pesa, na tiketi ikaja kwa meseji: jina langu, siti namba 14, saa tatu usiku. Jioni wakati wa kupakia mzigo, robota liliteleza kutoka kwenye mkokoteni likaangukia mkoba wangu. Nilipoitoa simu, kioo kilikuwa cheusi tii. Haikuzimika. Nilisikia inatetemeka mkononi, meseji zinaingia, na mtu akanipigia ikalia vizuri na wimbo wake wote. Ilikuwa hai ndani, lakini mlango wake ulikuwa umefungwa. Tiketi yangu ilikuwa mle, na namba za wateja wote, na picha za risiti, na ramani, na saa. Vyote salama, na hata kimoja siwezi kukifikia.

Nilikwenda dirishani nikamweleza karani. Nikamtolea kitambulisho. Akaniambia, "Mama, bila meseji siwezi kukusaidia." Nikamwambia jina langu mnalo, namba ya kitambulisho mnayo, ninyi wenyewe mliniuliza mchana. Akarudia maneno yale yale, na nyuma yangu foleni ilikuwa inanung'unika. Sitalitaja jina la kampuni ile, kwani naamini si wao peke yao.

Yule kijana wa mkokoteni alikuwa amesimama kando, ameona haya kwa sababu ya lile robota. Akatoa kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, akanipa: "Mathe, weka laini yako hapa." Nilichomoa pini ya mtandio wangu, nikaitia kwenye kile kitundu cha ubavuni, kijisahani cha laini kikatoka. Lakini laini za siku hizi zimekatwa ndogo kama ukucha wa mtoto, na tundu la kabambe ni lile kubwa la zamani. Laini ikawa inacheza, simu haiisomi. Kijana akakimbia kwa muuza makava ya jirani akarudi na kifremu cha plastiki cha shilingi 20. Tukaipachika, tukaiwasha, na jina la mtandao likatokea kwenye kile kioo kidogo cha kijani. Mhariri, nilishukuru kama aliyeokotewa mtoto.

Kwa sababu pesa zangu zote zilikuwepo. Niliingia *334# ya M-Pesa, nikatia namba yangu ya siri, salio likaja lile lile. Nikaomba na taarifa fupi ya malipo ya karibuni, ikaja kwa meseji, na malipo ya tiketi ya mchana yakiwa humo. Nikamrudia karani. Akasema hiyo inaonyesha nimelipa, haionyeshi siti. Basi nikalipa mara ya pili, shilingi 1,500, nikapewa siti 31. Siti 14 niliiona kwa macho yangu ikienda tupu kutoka Nairobi mpaka hapa.

Kabla ya kumrudishia kijana simu yake nilitaka kuwaambia nyumbani waje kunipokea Mwembe Tayari alfajiri. Sikuijua namba ya mwanangu. Sikuijua ya mume wangu. Niliyoijua kwa kichwa ni moja tu, ya dada yangu, kwa kuwa hajaibadilisha tangu enzi za Nokia, wakati tulipokuwa tukibonyeza namba wenyewe. Huyo ndiye aliyewaamsha.

Njia nzima sikulala. Mtito Andei watu walishuka kunywa chai, mimi nikabaki kwenye siti nawaza. Mwaka 2007 mambo mawili yalitokea karibu kwa pamoja. Tarehe 9 Januari, kule San Francisco, Steve Jobs alitangaza kwamba ameleta vitu vitatu, kicheza muziki, simu na chombo cha intaneti, kisha akawaambia watu kumbe vitatu hivyo ni kimoja, iPhone. Machi mwaka huohuo, hapa kwetu, Safaricom ikaanzisha M-Pesa, pochi ikaingia ndani ya simu. Dunia inalikumbuka la kwanza. Lakini usiku ule mimi niliokolewa na la pili, na sababu naiona hivi: M-Pesa haikufungwa ndani ya chombo cha bei. Menyu yake iliwekwa kwenye laini, na pesa zenyewe ziko kwenye mitambo ya kampuni, siyo mkononi mwangu. Chombo kikifa, unaitoa laini, unaiweka kwenye chombo cha mtu yeyote, hata kabambe ya mbeba mizigo, na mali yako iko palepale. Tiketi yangu ilikuwa imekaa kwenye chombo, ndiyo maana ikafa na chombo.

Kwa hiyo sipingi vyombo kuunganishwa. Naona hata nyaya za chaji zimeanza kuunganishwa, Ulaya wamezilazimisha simu mpya kutumia tundu la USB-C tangu mwisho wa 2024, na mimi mwenyewe nimeutupa ule waya wangu wa vichwa vitatu. Ninachoomba ni kwamba anayekiweka kitu cha msafiri ndani ya simu, akiweke pia mahali ambapo msafiri anaweza kukifikia simu ikifa. Kwa mabasi si jambo gumu hata kidogo. Ushahidi ninao: asubuhi ya pili nilikwenda ofisi yao ya hapa Mombasa, binti wa pale akachukua kitambulisho changu, akaandika namba kwenye kompyuta yake, na kabla sijavuta kiti akasema, "Mama, nakuona hapa, siti 14." Nauli ya ziada nilirudishiwa. Basi kama Mombasa aliniona kwa kitambulisho, Nairobi nilikuwa sionekani kwa nini?

Ombi langu kwa wenye mabasi, na kwa wote wanaouza safari kwa simu, ni hili: kitambulisho chenye jina lililomo kwenye orodha ya abiria kitoshe kumpandisha mtu. Na anayeomba kikaratasi apewe, asitazamwe kama mtu wa kale. Kuna wazee wanaotoka hapa kwenda hospitali Nairobi ambao simu ni ya mjukuu, na mjukuu hasafiri nao. Kuna akina mama wa biashara ambao chaji huisha kabla ya saa tatu usiku kwa sababu tangu alfajiri simu imekuwa kamera, kalkuleta, benki na taa. Watu hawa wamelipa.

Na kwa akina mama wenzangu ninaokutana nao njiani na marobota yao, nawaambia nilichofanya mimi baada ya usiku ule. Nimenunua kabambe, ina laini yangu ya pili na chaji yake yakaa siku kadhaa. Kifremu cha plastiki nimekibandika kwa selotepu nyuma yake. Namba tano nimeziandika kwa kalamu kwenye kadi ngumu, nikaitia mfuko mmoja na kitambulisho, na ya mwanangu nimeihifadhi kichwani, naisoma kimoyomoyo nikiwa naosha vyombo. Mjukuu wangu wa miaka sita naye nimemfundisha ya mama yake.

Simu yenyewe ilitengenezeka. Fundi mmoja karibu na Marikiti alibadilisha kioo kwa shilingi 6,500, na vitu vyangu vyote nikavikuta mle kama nilivyoviacha, na meseji ya siti 14 juu kabisa.

Alhamisi nasafiri tena. Jana nilikwenda kukata tiketi, nikaomba karatasi. Karani akasema mashine yao ya kuchapisha imeishiwa na karatasi. Nikampa ukurasa wa daftari langu na kalamu. Akaandika jina langu, tarehe na namba ya siti, akagonga muhuri wa kampuni, akaniuliza kama nataka na namba ya basi aiongeze. Nikamwambia ndiyo, mwanangu, iongeze.

Wako,
Mama muuza leso,
Majengo, Mombasa