Kwenu Vijana Mnaouza Programu kwa Ada ya Mwezi

Wanangu mnaounda programu Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Mombasa na Nairobi,

Marahaba. Salamu zenu zimenifikia, na maswali mliyonitumia nimeyasoma yote. Mengi yanazunguka jambo moja: mmeacha kuuza leseni ya mara moja, mmehamia kwenye wavuti, mteja analipa kila mwezi, na bado ikifika tarehe ya mishahara mnakopa. Mnauliza kama bei yenu ni ndogo. Wapo wanaouliza kama watu wetu hawataki tu kulipia programu. Nimeona nijibu hadharani, maana waliouliza ni wachache kuliko wenye tatizo.

Bei sijaiona kuwa ndiyo tatizo la kwanza. Ninachokiona ni kwamba programu mmeihamishia kwenye wavuti, lakini biashara mnaiendesha kama zama za sanduku: nguvu yote iko kwenye kumpata mteja, akishajiunga mnakimbilia mwingine.

Zama zile hilo lilikubalika. Nilipokuwa nauza programu za hesabu, programu ilikuja kwenye sanduku lenye CD, kitabu cha maelekezo na kikaratasi cha namba ya leseni kilichobandikwa ndani ya kifuniko. Nyingine zilikuwa na kifaa kidogo cha kuchomeka nyuma ya kompyuta, pale waya wa printa unapoingia, na bila hicho hazifunguki. Mteja analipa, unamwekea programu, unamfundisha mhasibu wake, unaondoka na hundi. Kama baada ya miezi miwili ameiacha, hasara ni yake. Wewe pesa umeshaiweka benki.

Kisha mwaka 1999 Marc Benioff na wenzake wakaanzisha Salesforce kule San Francisco. Programu yao ya kufuatilia wateja ilifunguka kwenye kivinjari, hakuna cha kuweka kwenye kompyuta, na kampuni inalipa kila mwezi kwa kadiri ya watumiaji wake. Wengi wakisikia habari hiyo wanafikiria seva, zile kompyuta za mbali zinazohifadhi na kuendesha programu. Mimi nafikiria hatari ya biashara, maana siku ile ilitoka kwa mnunuzi ikahamia kwa muuzaji. Mnunuzi akichoka mwezi wa tatu anaacha kulipa, na gharama za kumtafuta na kumfundisha zinabaki kwako.

Tazameni yaliyoipata Adobe, kampuni ambayo haikukosa pesa wala wateja. Seti yake kamili ya programu za usanifu, ile iliyokuwa na Photoshop, Illustrator na nyinginezo, iliuzwa dola 2,599 kwenye sanduku. Mwaka 2012 wakaanzisha Creative Cloud, na Mei 2013 wakatangaza kwamba sanduku limefika mwisho: toleo lililoitwa CS6 ndilo la mwisho, kuanzia hapo ni malipo ya karibu dola 50 kwa mwezi kwa anayejifunga mwaka mzima. Maelfu ya wateja walitia saini kupinga. Mapato ya kampuni yalishuka kutoka takriban dola bilioni 4.4 mwaka 2012 hadi bilioni 4.05 mwaka 2013, na faida ikaanguka kutoka zaidi ya dola milioni 830 hadi chini ya milioni 300. Mwaka 2016 mapato yalikuwa yamepanda hadi dola bilioni 5.85, na tangu hapo hawakurudi nyuma.

Somo la hapo ni lile bonde la katikati. Mtu aliyekuwa anatoa dola 2,599 siku moja sasa anatoa 50, na ingawa baada ya miaka mitano atakuwa ametoa zaidi, mwaka wa kwanza wewe una njaa. Adobe walikuwa na akiba ya kuvukia, na waliwaambia wawekezaji wao mapema kwamba mapato yatashuka kabla ya kupanda. Nyinyi mnaingia bonde hilohilo na akiba ya miezi miwili, halafu mnashangaa.

Fanyeni hesabu hii kwa kalamu. Programu ya duka mliyokuwa mkiiuza shilingi 900,000 mmeigeuza kuwa 30,000 kwa mwezi. Mteja lazima akae miezi 30 ndipo mfikie pale mlipokuwa. Akiondoka mwezi wa tano, amewapa 150,000, na nyinyi mmetumia nauli, mmemfundisha karani wake, mmemwingizia bidhaa zote za dukani. Sasa chukueni wateja 100, na kila mwezi wanaondoka 5 kati ya kila 100 waliobaki. Baada ya mwaka mnao kama 54. Mkipunguza wanaoondoka hadi 3, mnabaki na kama 69. Tofauti hiyo ya wateja 15 hamkuinunua kwa tangazo lolote. Ndiyo maana ninapoona kampuni ya vijana wanane, watano wakiwa wauzaji na mmoja tu ndiye anayepokea simu za wateja, huwa najua mwisho wake.

Kwa nini wanaondoka? Niwaeleze nilichokiona kwenye duka moja la dawa. Ni asubuhi ya tarehe 1, foleni imefika mlangoni. Karani anawasha kompyuta, skrini nzima imeandika kwamba muda wa matumizi umekwisha, lipa ili uendelee. Mwenye duka yuko safarini, na nywila ya malipo ni yake peke yake. Karani akavuta droo, akatoa daftari, akaanza kuandika kwa kalamu: panado, amoksilini, dawa ya kikohozi. Mauzo ya siku ile hayakuingia kwenye programu. Siku ya pili ilipofunguliwa, stoo ya kwenye kompyuta na dawa zilizoko kwenye rafu zilikuwa hazifanani, na hakuna aliyekuwa na muda wa kuzihesabu upya. Tangu hapo mwenye duka hakuiamini tena ile programu, na mtu haendelei kulipia kitu asichokiamini.

Waliounda programu ile walidhani wanalinda pesa yao, kumbe waliua sababu ya kulipwa. Msifunge kaunta hata siku moja. Mteja akichelewa kulipa, acheni karani aendelee kuuza na kutoa risiti, zuieni ripoti za mwenye duka, zile za faida na za bidhaa zinazokaribia kwisha muda, maana huyo ndiye mwenye pesa na ndiye anayezihitaji. Mtumieni ujumbe wa simu wiki moja kabla, kisha siku tatu kabla. Na mpeni siku za nyongeza bila kumsimanga.

Tena, nani aliwaambia kwamba kila biashara hapa kwetu hupata pesa kwa mwezi? Mwezi ni kalenda ya mwenye mshahara na kadi ya benki. Shule binafsi inapata pesa shule zinapofunguliwa, na ukiidai mwezi wa likizo unamsumbua bure mhasibu wake. Chama cha msingi cha ushirika kule Newala au Tandahimba kinaona pesa minada ya korosho ikishaanza, kuanzia Oktoba. Mwezi wa Mei ghala lake ni tupu, na nyinyi mnamtumia katibu ankara ya mwezi kama vile yuko Marekani! Ushirika umezoea makato ya kwa kilo. Basi ombeni kulipwa kwa kila kilo inayopita kwenye mzani na kusajiliwa na programu yenu, na nendeni mkaeleze jambo hilo kwa wanachama kabla msimu haujaanza, ili wakikubali wawe wamekubali kwa uwazi. Msimu ukiwa mbaya mtapata kidogo, ukiwa mzuri mtapata zaidi. Hapo mko upande mmoja na mkulima, na kwangu hilo lina thamani kubwa kuliko makadirio yoyote mnayomwonyesha mwekezaji.

Kwa duka dogo la mtaani mfano uko mbele ya macho yenu. Tanesco ilishawazoesha watu LUKU: unanunua uniti, unatumia, zikiisha unanunua tena. Kampuni za simu zinauza bando la siku na la wiki kwa watu ambao hawawezi kutoa pesa ya mwezi kwa mkupuo. Muuzieni mwenye duka siku 30 za kazi, na siku ambayo duka halikufunguliwa isihesabiwe. Akifiwa akaenda kijijini wiki mbili, akirudi anakuta siku zake zinamngoja. Jambo dogo kama hilo linakumbukwa kuliko tangazo. Ila angalieni makato ya muamala. Mkikata malipo vipande vidogo mno, makato yanakula faida yote.

Kukusanya pesa ndogondogo namna hii zamani kusingewezekana. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na Safaricom ya Kenya ilipofungua Daraja mwaka 2017, ile njia ya kuunganisha programu za watu na M-Pesa, mtu mwenye programu yake ndogo aliweza kuiunganisha na malipo ya simu bila kuajiri mkusanyaji wa madeni. Katika yote yaliyobadilisha biashara ya programu huku kwetu, naliweka hilo juu hata ya zile nyaya za baharini zilizoanza kufika mwaka 2009. Nyaya zilileta kasi, lakini malipo ya simu yalituletea soko.

Nyaya zenyewe, msiziegemee kwa uzito wote. Mei 12, 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Programu ya kaunta inayogoma mtandao unapokatika haifai kuuzwa kwa mtu anayeuza unga. Iandike mauzo kwenye simu au kompyuta ya dukani, iyapeleke kwenye seva mtandao ukirudi. Najua ni kazi ngumu kuiunda hivyo, hasa watu wawili wanapouza bidhaa moja kwa wakati mmoja. Ifanyeni hivyohivyo.

Kuhusu dola nitasema kidogo tu. Seva zenu mnazikodi kwa dola, wateja wanalipa kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa shilingi 2,300 na ushei za Tanzania, katikati ya 2024 ilishavuka 2,600. Kenya dola ilipanda kutoka kama shilingi 123 hadi kuvuka 160 Januari 2024, kisha ikashuka tena. Wekeni kwenye mkataba tarehe ya kupitia bei kila mwaka, na wekeni akiba ya seva ya miezi mitatu kabla hamjapangisha ofisi ya vioo.

Mawakala sasa. Wapo wanaosema wavuti imeondoa haja ya mtu wa katikati. Kwa mteja anayejisajili mwenyewe, labda. Mwenye duka wa Kariakoo au Gikomba anataka mtu anayemjua kwa sura, atakayekuja printa ikikwama. Mnachotakiwa kubadili ni namna ya kumlipa mtu huyo. Mkimpa kamisheni yote siku ya kuuza, atauza kwa yeyote, hata kwa asiyehitaji, na hamtamwona tena. Mlipeni sehemu ndogo ya kila malipo ya mteja kwa muda wote mteja anapobaki. Hapo atapita dukani mwenyewe bila kutumwa.

Kuna kijana aliniuliza kama kutoa programu huria, ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha, ni kujinyima riziki. Kampuni ya Red Hat iliuza huduma juu ya programu ambayo mtu yeyote angeweza kuipata bure, na IBM ikainunua mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Karibu zaidi na sisi, DHIS2, mfumo huria wa takwimu za afya uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo, unatumika Tanzania na Kenya, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wanaouendeleza. Pesa ipo kwenye kuufundisha, kuurekebisha na kuutunza. Lakini wanaokula hapo ni wale wanaojulikana kwa kutimiza ahadi, kwa hiyo msidhani ni njia ya mkato.

La mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Baadhi yenu mmeanza kumzuia mteja asiondoke kwa kumnyima data zake. Anaomba orodha ya wadaiwa wake, anaambiwa alipe kwanza ada ya kuhamisha. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe, ikidai kwamba iliwaficha wateja ada ya kujitoa mapema na kufanya kujiondoa kuwe kugumu. Kampuni kubwa inaweza kubeba kesi kama hiyo na mawakili wake. Nyinyi mtamalizwa na kundi moja la WhatsApp la wafanyabiashara wa soko lenu. Wekeni kitufe cha kupakua kila kitu, kifanye kazi hata kwa aliyeacha kulipa, na muuzaji wenu akionyeshe siku ya kwanza kabisa, mbele ya mteja. Yule wa orodha ya wadaiwa ni mama aliyekopesha watu unga na sukari, na orodha ile ndiyo mtaji wake. Hamna haki ya kuishika hata kwa saa moja.

Nawaomba kitu kimoja kabla hamjaniandikia tena. Toeni orodha ya wateja wote walioacha kulipa mwaka huu. Wapigieni simu, mmoja mmoja, apige mwenye kampuni mwenyewe na wala asimtume mtu. Msiwauzie chochote. Waulizeni siku gani waliacha kuifungua programu na nini kilikuwa kimetokea siku hiyo, andikeni majibu kwa maneno yaleyale waliyoyatumia. Mnitumie hayo majibu, ndipo tuzungumze habari ya bei.

Mzee wenu,
Dar es Salaam