Bwawa la faiba nyumbani Mwanza: pesa inaliwa na shimo kuliko ganda

Mteja akitupigia simu kuulizia bwawa la kuogelea la faiba, kitu cha kwanza anachotaka kujua ni bei ya ganda, yaani bwawa lenyewe linalokuja limeshaundwa kiwandani, rangi na ngazi zake tayari. Ni swali la haki. Ila kwa hapa Mwanza, ganda silo linaloamua utatumia kiasi gani. Ganda lina bei yake na muuzaji hana nafasi kubwa ya kuishusha. Kinachopanda na kushuka ni shimo, njia ya kulifikisha ganda kwenye shimo hilo, na maji na umeme utakaolipia kila mwezi. Mengi ya hayo huamuliwa kabla hujalipa hata shilingi ya kwanza, na ndiyo maana tunaandika haya kwa mtu ambaye bado anafikiria, hajaagiza.

Piga mtarimbo kwanza

Kiwanja cha Isamilo, Bwiru au Capri Point kinaweza kuwa na udongo mzuri juu, umepanda maua yakashika vizuri, kumbe futi tatu chini limelala jabali. Kijiko cha kawaida cha kuchimbia kikifika hapo kinakwaruza tu. Itabidi ukodi kijiko chenye nyundo, au kompresa, au uite wapasua mawe waje na moto, nyundo na patasi. Njia zote hizo zinalipiwa kwa siku, na kazi iliyopangiwa siku chache inaweza kula wiki nzima na zaidi, huku ganda limelala barabarani na kreni inadai.

Kwa hiyo chimba mashimo ya majaribio kabla ya kuagiza chochote. Matatu yanatosha kwa bwawa la nyumbani: moja panapokuja kina kirefu, moja panapokuja kina kifupi, moja katikati. Kila shimo lifike kina cha ganda na sentimita 20 zaidi za tandiko la kokoto. Vibarua wawili wanaiweza kazi hii bila mashine yoyote. Ukifika chini, piga mtarimbo. Ukizama na kutoa sauti nzito, una udongo au changarawe. Ukigonga kwa mlio mkali na kuruka mkononi, hilo ni jiwe. Usikate tamaa hapo hapo, kwa sababu ardhi yetu ina mawe mengi yaliyojitenga, yamezungukwa na udongo pande zote. Sogea mita mbili, chimba tena. Mara nyingi bwawa linaokolewa kwa kuligeuza kidogo tu, likakaa sambamba na nyumba badala ya kuikabili.

Kama jiwe limeenea kote, usishindane nalo. Chagua ganda lenye kina cha mita 1.3 badala ya 1.8. Watoto watacheza, watu wazima watapoa na kuogelea, na zile sentimita 50 ulizoziacha ndizo zingekuwa za gharama kuliko zote. Kwenye mteremko kuna njia nyingine tunayoipenda: upande wa juu unaingia ardhini, upande wa chini unasimama nje ukishikwa na ukuta wa mawe. Mawe yapo, na mafundi wa kujenga kwa mawe Mwanza ni wazuri kweli. Sharti ni moja. Muuzaji aambiwe mapema kwamba sehemu ya ganda itakuwa juu ya ardhi, kwa sababu kuta za faiba ni nyembamba na hutegemea kinachozishika kwa nje. Likisimama bila kushikwa, maji ya ndani yatalitanua tumbo.

Wa ufukweni, tatizo lenu ni maji

Luchelele, Nyegezi, Malimbe na kote kunakoshuka ziwani, kinachotupa wasiwasi si jiwe. Ni maji ya chini ya ardhi. Mwaka 2020 ziwa lilipanda mno, na 2024 likapanda tena, na waliokuwa na viwanja vya chini wanakumbuka visima na vyoo vyao vilivyofanya. Lile shimo la majaribio liache wazi usiku kucha. Ukikuta maji asubuhi, pima yapo umbali gani kutoka juu na uandike. Pima tena mwishoni mwa masika, kwa sababu kipimo cha Septemba kitakudanganya.

Sababu ni hii. Ganda la faiba ni jepesi, la saizi ya nyumbani mara nyingi halifikii hata tani moja. Likijaa, uzito wa maji yake unalikalisha. Likimwagwa maji ili lisafishwe, na chini yake ardhi imelowa, linainuka kama mtumbwi. Tuliwahi kuitwa mahali ambapo mtunza bustani alifungulia maji yote ili asugue sakafu. Upande wa kina kirefu ulikuwa umenyanyuka kuzidi kiganja cha mkono, mabomba yamekatika kwenye maungio, vigae vya ukingoni vimesimama wima. Kulirudisha kulikuwa na maana ya kuchimbua upya pande zote.

Kinga yake ni rahisi kiasi kwamba huwa tunasikitika kuona imeachwa. Wakati wa kuweka ganda, simamisha bomba la inchi 6 kwenye kona ya shimo, lianzie ndani ya tandiko la kokoto mpaka juu ya ardhi, lifunikwe kwa mfuniko. Kupitia bomba hilo unaona maji ya chini yamefika wapi, na ukihitaji unateremsha pampu ndogo kuyavuta. Ongeza valvu ya sakafuni inayoruhusu maji ya chini kuingia bwawani badala ya kulisukuma ganda. Kisha weka sheria ya nyumbani: hakuna anayemwaga maji ya bwawa lote bila fundi. Faiba haihitaji kumwagwa mara kwa mara. Uso wake ni laini, ukungu wa kijani haupati pa kushika kama kwenye plasta ya zege, na brashi ya nailoni inatosha. Brashi ya chuma usiisogeze kabisa.

Na kama kiwanja kinagusa ziwa, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Pima mita hizo kabla ya kupima bwawa. Kibali cha ujenzi cha Jiji au cha Manispaa ya Ilemela nacho kitafutwe mapema. Kubomolewa ni hasara kuliko zote.

Kuhusu kujazia pembeni mwa ganda, hapa Mwanza inatupa nafuu ambayo Dar hawana. Wengi hujazia mchanga kwa sababu wameona hivyo kwenye video. Mchanga ukipata mvua ya masika unashuka, unaacha uwazi upande mmoja na kubana upande mwingine, na ukuta unajikunja. Kokoto za nusu inchi hazishuki hivyo, na maji yanapita katikati yake bila kuzihamisha. Hizi zinapasuliwa hapa hapa, unazikuta zimerundikwa kando ya barabara, na ukinunua moja kwa moja kwa mama anayezipasua unapata bei nzuri na unamuungisha. Wakati wa kujazia, maji ndani ya bwawa na kokoto nje vipandishwe pamoja, maji yakitangulia kidogo, sentimita 30 kwa 30. Fundi anayejazia nje kwanza ili aje ajaze maji kesho, msimamishe.

Njia, fensi na geti

Kutoka Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,100. Mzigo unaozidi upana wa kawaida unahitaji kibali cha TANROADS, na kadiri ganda lilivyo pana ndivyo safari inavyokuwa ngumu na ghali. Ganda refu lenye upana mdogo linasafirishwa kwa nafuu kuliko fupi lililo pana, hata kama yanabeba maji sawa. Uliza pia kama kuna mwenzako anayeagiza wakati huo. Maganda ya saizi tofauti wakati mwingine hupangwa moja ndani ya jingine kwenye lori moja. Wateja wa Sengerema na Geita nao wamepata nafuu tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, maana kuvusha mzigo mpana kwa kivuko kulikuwa kazi.

Kreni nayo hailipiwi kwa uzito peke yake. Ikilazimika kunyoosha mkono juu ya nyumba ili ifike uani, itabidi iwe kubwa, na bei inapaa. Kama bado unajenga, acha mita tano za fensi bila kujenga mpaka ganda liingie. Tunasema hivi kwa kila mwenye msingi uliosimama Buswelu, Kiseke au Buhongwa: bwawa kwanza, fensi baadaye.

Sasa saizi. Bwawa la mita 6 kwa 3 lenye kina cha wastani cha mita 1.3 linachukua lita 23,400. La mita 8 kwa 4 lenye wastani wa mita 1.5 linachukua lita 48,000. Macho hayaoni tofauti kubwa ukilichora kwenye karatasi, lakini umezidisha mara mbili maji, dawa na kazi ya pampu kwa maisha yote ya bwawa.

Pampu ya wati 750 ikizunguka saa 8 inakula uniti 6 kwa siku, yaani 180 kwa mwezi. Kwa takriban Sh 356 kwa uniti, pamoja na kodi, hiyo ni kama Sh 64,000 ya LUKU. Bwawa dogo lililofunikwa linaweza kutosheka na saa 5, ikawa kama Sh 40,000. Pampu ya kubadilisha kasi ni ghali dukani, lakini ikizunguka nusu ya kasi inasukuma nusu ya maji kwa takriban moja ya nane ya umeme. Kwa mwenye bwawa kubwa tunaipendekeza bila kusita.

Turubai la kufunikia ndilo pesa bora kuliko zote utakazotumia. Jua na upepo wa ziwa hukausha maji kama milimita 4 kwa siku. Kwenye bwawa la mita za mraba 18 hiyo ni zaidi ya lita 2,000 kwa mwezi. Jua hilo hilo linaunguza klorini, na majani yanayoangukia ndani yanaimaliza iliyobaki.

Wengine wanataka kujaza maji ya ziwa kwa sababu ni ya karibu. Hatuwashauri. Yanakuja na kijani na tope, utayalipia kwa dawa. Kichocho pia kipo, na ndicho kinachofanya wazazi wengi watafute bwawa badala ya kuwaacha watoto waogelee ziwani. Kuyavuta maji kunataka pia kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Jaza mara ya kwanza kwa maji ya MWAUWASA, yaani mamlaka ya maji ya Mwanza, au ya boza, halafu ongezea kwa mvua: paa la mita za mraba 150 likipata mvua ya milimita 10 linakupa lita 1,500 hivi. Weka chujio na uache maji ya dakika za mwanzo yapite, kwa sababu yana vumbi na kinyesi cha ndege.

Kuna mahali hatukubali mteja abane pesa, na tumewahi kuacha kazi kwa ajili hiyo. Uzio wa bwawa wenye geti linalojifunga lenyewe, kwa sababu mtoto hazami kwa kelele. Swichi ya kukata umeme unapovuja kwenye laini ya pampu. Na usawa wa tandiko la kokoto, upimwe kwa bomba la maji na si kwa jicho.

Ukija kwetu, njoo na vipimo vya mashimo matatu, upana wa geti, na picha ya njia kuanzia barabara ya lami mpaka uani, nyaya za umeme zikionekana. Kwa hivyo vitu tunaweza kukupa hesabu ya kweli siku hiyo hiyo. Mwezi mzuri wa kuanza kuchimba ni Juni, mvua zikishakata, ili ifikapo vuli ganda liwe limekaa, limejaa, na pembeni pameshindiliwa.