Barua ya wazi kwa wastaafu wa Mbeya, Iringa na Njombe

Wazee wenzangu,

Mlionitangulia kuzaliwa, shikamooni. Wa rika langu, poleni na baridi.

Nawaandikia kuhusu kile kiti kilicho karibu na jiko la mkaa. Ikifika mwezi wa sita na wa saba, mstaafu hukaa pale tangu asubuhi hadi jioni, mlango umefungwa. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Fungueni dirisha, na jiko lilale nje. Halafu kuna miguu: ikikosa kazi wiki kadhaa, misuli ya mapaja hupungua, na mzee anaanguka akielekea chooni tu.

Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye shughuli za kutia mwili joto, kama kutembea haraka, walau dakika 150 kwa wiki, na, siku 3 au zaidi kwa wiki, mazoezi ya kujimudu ili wasianguke. Shika ukingo wa meza, simama kwa mguu mmoja ukihesabu hadi kumi, badili. Milima yetu huumiza magoti zaidi wakati wa kuteremka, kwa hiyo chukueni fimbo bila aibu, na tokeni umande ukishakauka.

Lakini mazoezi peke yake huchosha moyo. Mtu anahitaji kazi itakayomwita kesho yake, na kwa ardhi yetu nawasihi mjifunze kubebesha miche ya parachichi, yaani kuunga kijiti cha mti mzuri juu ya shina la mche wa kienyeji. Hufanyika mmekaa, na hudai subira kuliko nguvu.

Chukueni mbegu za parachichi za kienyeji, za matunda yaliyochumwa mtini. Yaliyookotwa chini huweza kubeba ugonjwa wa kuoza mizizi. Jazeni viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche, kwa udongo wa juu ndoo 3, samadi iliyooza vizuri ndoo 1 na mchanga ndoo 1. Upande mpana wa mbegu ukae chini, ncha ichungulie juu. Shina likifika unene wa penseli, tafuteni kikonyo, yaani kijiti cha kubebesha, cha parachichi aina ya Hass, chenye urefu wa sentimita 10 hivi, vichipukizi vimevimba ila havijafunguka. Kateni majani, kizungusheni kitambaa chenye unyevu, kitumieni siku hiyohiyo.

Kateni shina, lipasueni katikati sentimita 3. Chongeni kikonyo pande mbili kama kabari, kila upande kwa mkato mmoja wa wembe mpya uliofutwa kwa spiriti. Mkono ukitetemeka, egemezeni kiwiko mezani. Hapa ndipo wengi hukosea: wanalenga katikati ya mti, wakati kinachoungana ni utando mwembamba wa kijani chini ya gamba. Kikonyo kikiwa chembamba kuliko shina, kisogezeni ukingoni ili magamba yakutane walau upande mmoja. Fungeni nailoni kwa kukaza, kuanzia chini kwenda juu, maji yasiingie. Funikeni kwa mfuko mdogo unaopitisha mwanga, mche ukae kivulini.

Kikonyo kikisinyaa na kuwa cheusi, huenda kilikauka kabla ya kufungwa, au wembe ulikuwa butu. Kikichipua, ondoeni mfuko. Nailoni nayo ifunguliwe kiungo kikishashika. Ikisahaulika itanyonga shina. Machipukizi ya chini ya kiungo yang'oeni kila mnapoyaona, maana huo ni mti wa kienyeji unaotaka kurudi.

Sasa jambo lililo moyoni mwangu. Andikeni kwa kalamu ya wino mzito, juu ya kila kiriba, jina la mtu ambaye bado mna deni la shukrani kwake: aliyewalipia ada, mkunga, jirani aliyewazikia mzazi. Kila asubuhi mkimwagilia mtalisoma jina hilo. Mvua za Novemba na Desemba zikishika, mpelekeeni mche mwenyewe, mwambieni ni wa nini. Kama amefariki, mpeni mwanawe, na shimo mchimbe pamoja naye: sentimita 60 kila upande, udongo wa juu mkiuweka kando uchanganywe na samadi. Kiungo kibaki juu ya ardhi.

Ni mimi, mzee mwenzenu.