Miche 720, ukiiandika mara mbili

Hombolo, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Salaam. Sisi hapa nyumbani ni wazima, hofu ni juu yako uliye mbali. Zabibu za mwezi wa nane zimeanza kubadilika rangi, na mama yako anashinda shambani kufukuza ndege.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema kwenye mtihani mliambiwa mtafute vigawo tasa vya 720720, yaani namba tasa ambazo zikizidishwa zinaleta namba hiyo, ukaona namba ndefu, ukaacha wazi. Hilo limeniuma kuliko kama ungekosea. Namba hiyo unaijua tangu utoto, ila hukuitambua.

Unaikumbuka miche tuliyoanzia shamba la zabibu? Ilikuwa 720. Niliilaza mchangani mistari 16, kila mstari miche 45. Mama yako akasema mistari ni mirefu mno, tukafanya 18 ya miche 40. Haukubaki hata mmoja, maana 720 ni 16 × 9 × 5. Lakini nilipojaribu mistari 7, ilibaki miche 6. Kwa 11 ikabaki 5, kwa 13 ikabaki 5 vilevile.

Sasa itazame namba ya mwalimu. Ni 720 iliyoandikwa mara mbili! Ile ya kushoto imekaa kwenye maelfu, kwa hiyo una 720 mara 1000, ukaongeza 720 moja. Jumla ni 720 mara 1001. Na 1001 ni 7 × 11 × 13. Zile tatu zilizonigomea shambani zote zimo humo. Andika namba yoyote ya tarakimu tatu, irudie hapohapo, kama 356356, nazo zitaigawa bila baki. Jana usiku nimejaribu kwa chaki juu ya mfuniko wa pipa la maji mpaka mfuniko ukajaa, na kila mara imekubali.

Kwa hiyo jibu lako lilikuwa 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13. Ukitaka idadi ya vigawo vyake vyote, kila kipeo, ile namba ndogo ya juu (isipoandikwa ni 1), kiongeze 1 kisha uzidishe: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2. Ni 240! Tena 720720 ndiyo KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, ya namba zote kuanzia 1 hadi 16. Chini yake hakuna nyingine inayogawanyika kwa zote hizo. Ikifika 17 inagoma, inabaki 5. Na jirani yake 720721, igawe kwa yoyote kuanzia 2 hadi 16, kila mara inabaki 1. Mimi jambo hilo limeninyima usingizi kwa furaha.

Nakuachia moja. Ukiiandika 720 mara tatu, 720720720, je, 7 itakubali? Usimwulize mtu kwanza. Chukua kalamu, kisha niandikie ulichokuta kabla hatujavuna.

Ni mimi baba yako.