Kuhusu hiyo nafasi ya kukaimu ukuu wa chuo

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Ohio. Sisi hatujambo, watoto wanakua, na baridi ndiyo kwanza imeanza kulegea. Barua yako nimeisoma nikairudia. Unasema wanataka ukaimu ukuu wa chuo chenu cha maendeleo ya wananchi, nawe unaogopa kuliacha darasa lako la ushonaji uende ukakae na mafaili. Umeniuliza kama najuta kutoka darasani nikawa dekani, yaani msimamizi wa idara kadhaa, katika chuo cha jamii huku. Sijuti, ila upande mchungu nao upo, sitakuficha.

Huko nyumbani mtu akisikia neno dekani anafikiria Mlimani. Chuo cha jamii cha Marekani si hivyo. Cha kwanza cha umma kilianza Joliet, Illinois, mwaka 1901, kikiwa na wanafunzi 6, ndani ya shule ya sekondari. Leo nchi nzima viko kama 1,000. Masomo ni ya miaka miwili na mlango uko wazi: ukiwa na cheti cha sekondari, hata kama alama zako ni za chini, unaandikishwa. Ukihitimu unahamia chuo kikuu kumalizia shahada, au unaingia kazini moja kwa moja, kwenye uuguzi, uchomeleaji au uhasibu. Ndiyo maana darasa moja utamkuta binti wa miaka 18 na baba wa makamo aliyepunguzwa kiwandani.

Kupanda kwenyewe huanzia chini kabisa. Mimi nilianza kama mwalimu wa muda, nalipwa kwa somo, muhula ukiisha sijui kama nitaitwa tena. Zaidi ya nusu ya walimu wa vyuo hivi wako katika hali hiyo, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Wachache huajiriwa kwa kudumu, wachache zaidi hushika idara, kisha udekani. Juu ya dekani yupo makamu wa rais wa taaluma, halafu rais wa chuo.

Sasa nikwambie kilichonibakiza ofisini: ni ratiba. Nilipokuwa nafundisha niliikuta ratiba kama nilivyoikuta hali ya hewa, sikujua kuna mtu anaipanga. Huku darasa lisipojaza idadi fulani linafutwa, kwa sababu ada na ruzuku zinafuata vichwa. Mwezi Agosti mmoja nilikaa na orodha, somo la anatomia la jioni lina watu tisa. Hesabu ilisema lifutwe, wahamie la saa nne asubuhi, ambalo lilikuwa na nafasi tele. Nikaanza kupitia majina. Mmoja ni mama kutoka Bukavu, Kongo, namfahamu, anafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Anatoka kazini asubuhi, analala watoto wakiwa shule, anaamka kuwapikia. Kwake saa nne asubuhi ni sawa na kumwambia aache uuguzi. Waliobaki nao wengi ni wa zamu. Na somo hilo ni la lazima, ukilikosa muhula huu mlolongo mzima unasogea mwaka. Niliomba kikao, nikaenda na saa za kazi za wale watu zimeandikwa kwenye karatasi, nikapendekeza fedha itoke kwenye darasa la mchana lililogawanywa bila sababu. Darasa la jioni likabaki. Nisingeweza kuwafanyia hivyo nikiwa mwalimu, hata ningefundisha vizuri namna gani.

Ukiona nakuza mambo, tazama New York. Mwaka 2007 vyuo vya jamii vya jiji lile vilianza mpango wa kumshika mwanafunzi wa kipato kidogo mpaka ahitimu: mshauri mwenye wanafunzi wachache anayemwona mara kwa mara, msaada wa vitabu, masomo yaliyopangwa yakae pamoja kwa saa zinazowezekana, na kadi ya treni ya kila mwezi. Watafiti wakagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, wengine ndani ya mpango, wengine nje. Baada ya miaka mitatu waliohitimu ndani walikuwa asilimia 40, nje 22. Walimu walikuwa walewale. Kilichobadilika kilibadilishwa na watu wa ofisini.

Kuna mtu mmoja napenda kumfikiria siku kazi inaponichosha, Eduardo Padrón wa Miami. Aliondoka Kuba mwaka 1961 akiwa kijana bila wazazi, baadaye akaingia chuo cha jamii kilichokuwa kimefunguliwa mwaka 1960. Alisoma mpaka uzamivu wa uchumi, kisha akarudi kufundisha palepale, akapanda ngazi, akakiongoza chuo kizima kuanzia 1995 hadi 2019. Uchumi ungeweza kumpeleka kwenye mshahara mnono kampuni yoyote. Alichagua kukaa alikopokelewa.

Uchungu nao ni huu. Wanafunzi hawatakujua tena kwa jina lako, watajua cheo. Walimu uliokuwa unakunywa nao chai watanyamaza ukiingia. Utatia saini barua ya kumwambia mwalimu mzuri wa muda kwamba muhula ujao hakuna somo, na hakuna maneno ya kuilainisha. Jioni zako zitaliwa na ripoti za ithibati, zile za kuthibitisha ubora wa chuo. Mimi nilishikilia somo moja kwa mwaka ili nisisahau darasa lilivyo, na nakusihi ufanye hivyo: baki na wasichana wako wa ushonaji, hata mara moja kwa wiki.

Lakini ukubali. Vyuo vyenu vya maendeleo ya wananchi vilianza mwaka 1975, Mwalimu Nyerere alipovutiwa na vyuo vya wananchi vya Skandinavia na Sweden ikasaidia, na nia ilikuwa mtu mzima apate elimu pale alipo. Umeniandikia kwamba mabinti wenye watoto wachanga wanaacha baada ya wiki chache kwa kukosa mtu wa kuwashikia mtoto. Chumba cha watoto hakipatikani kwa mkufunzi kulalamika. Kinapatikana kwa mwenye kuandika bajeti, na sasa wanakupa kalamu wewe.

Kabla hujawajibu, nitumie ratiba ya chuo ya muhula huu, hata ukiipiga picha kwa simu. Niandikie pembeni wanafunzi wanatoka vijiji gani na daladala ya mwisho inaondoka saa ngapi. Tutaipitia pamoja Jumapili, saa mbili usiku ya kwenu. Msalimie sana mama, mwambie vitenge alivyonitumia vimefika salama.

Wako wa siku zote,
Mwalimu mwenzako