Kikombe cha usiku cha Salma

Mpendwa Mama Salma,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Kwanza pokea hongera zangu. Mtoto aliyekuwa akiona kijiko anageuza uso, leo ameongeza kilo nzima! Najua ulivyokesha mpaka kufika hapo. Kinywaji cha lishe alichoandikiwa kimefanya kazi yake, kwa hiyo haya ninayokuandikia usiyachukue kwamba nakwambia ukiache.

Ila kuna sentensi yako moja imenikaa rohoni. Umeandika kwamba hamalizi kikombe kwa mkupuo. Anakinyonya kidogo kidogo mchana kutwa, na kinachobaki analala nacho mdomoni. Mwenzangu, njia hiyo nimeipita mimi na mwanangu Idrisa, na nilikuja kujua meno yakiwa yameshaanza kuharibika.

Alikuwa na miaka miwili na nusu. Nilikuwa nimempakata dirishani namfuta pua, akacheka, kichwa kikaenda nyuma na mdomo wa juu ukapanda. Nikaona mstari mweupe kama chaki, umeufuata ufizi kwenye meno manne ya mbele. Nikadhani ni kinywaji kimegandia, nikafuta kwa kitambaa. Haukutoka. Kwenye jino moja, pembeni, weupe ulikuwa umeshageuka hudhurungi, na nilipopitisha ukucha ulikwama. Meno ya chini yalikuwa safi kabisa. Hilo ndilo lililonichanganya. Kama ni kuoza, mbona nusu ya mdomo tu?

Daktari wa meno alipotazama hakuuliza mengi. Alisema, "Analala na chupa?" Nilishindwa kumtazama usoni. Akanieleza kwamba mtoto anaponyonya, ulimi wake huyafunika meno ya chini, na mate yanayotoka kwenye tezi za chini ya ulimi huyaosha. Ya juu ya mbele hayana kinga hiyo, na kinywaji hutuama hapo hapo.

Mimi nilikuwa nimejiaminisha kwamba kitu chenye vitamini na kalsiamu hakiwezi kudhuru jino. Si ni chakula, jamani, wala si soda? Lakini geuza kopo usome viambato. Huandikwa kwa kuanza na kilicho kingi zaidi, na mara nyingi karibu na mwanzo utakuta sukari, au sharubati ya glukosi, au maltodekstrini. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotupita wazazi wengi, kwa sababu haiitwi sukari na utamu wake ni mdogo. Ni wanga uliokatwakatwa vipande vifupi, na mate yenyewe huanza kuuvunja kuwa sukari ungali mdomoni. Kwa bakteria walio kwenye utando wa meno, yaani ule ukoga unaogandia juu yake, vyote hivyo ni chakula.

Wakishakula, hutoa asidi. Dakika chache baada ya funda la kwanza, pH ya utando huo (kipimo cha uchachu; kikishuka, asidi imeongezeka) inaweza kushuka chini ya 5.5 hivi, na hapo enameli, lile gamba gumu la jino, huanza kupoteza madini. Mate ndiyo yanayotengeneza mambo: huipooza asidi na kurudisha madini, lakini huhitaji kama nusu saa, wakati mwingine saa nzima. Sasa mfikirie mtoto anayepiga funda kila baada ya robo saa. Mate hayapati nafasi kabisa. Akilala ndiyo hatari zaidi, maana usingizini mate hupungua mno. Na enameli ya meno ya utoto ni nyembamba, kama nusu ya ile ya meno ya ukubwani, kwa hiyo shimo likianza halichelewi kufika ndani.

Kwamba idadi ya mara huumiza kuliko kiasi, hilo lilionekana zamani. Huko Sweden, kwenye taasisi ya Vipeholm mjini Lund, kuanzia miaka ya 1940 wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa sukari kwa namna mbalimbali ili ionekane meno yao yataozaje. Hawakuombwa ridhaa, na mimi kila nikiwakumbuka moyo unaniuma. Walichotufundisha kwa meno yao ni kwamba sukari iliyoliwa pamoja na mlo iliongeza kuoza kidogo tu, lakini pipi za kunata zilizoliwa kati ya mlo na mlo ziliyamaliza meno.

Kwa hiyo mimi kinywaji sikukigusa, nilibadilisha saa zake. Nilirudi kwa mtaalamu wa lishe tukapanga upya, kiasi cha siku kikabaki kile kile. Nakuomba na wewe uanzie hapo, usipunguze kwa kukisia. Idrisa akawa anakunywa mezani baada ya kula, kwa mrija, na tukijipa nusu saa. Ikiisha, kikombe kinaondoka, hata kama kimebaki, kisha anapata maji ya kusukutua. Katikati ya milo, kiu ni ya maji tu.

Cha mwisho cha siku anakunywa kabla ya mswaki, na baada ya mswaki hakuna kingine isipokuwa maji. Mswaki mpigishe mwenyewe; mkono wa mtoto wa umri wake haufiki nyuma. Salma ameshapita miaka mitatu, basi dawa ya meno yenye floraidi iwe kiasi cha punje ya njegere (wadogo zaidi huwekewa kama punje ya mchele). Angalia kwenye tyubu floraidi isiwe chini ya 1000 ppm (yaani sehemu 1000 katika kila milioni). Akimaliza ateme tu, asisukutue, ili floraidi ibaki kwenye meno.

Sitakudanganya kuhusu usiku. Wa kwanza Idrisa alilia hadi nikalia naye. Wa pili niliketi kitandani nimemshika mkono na kikombe cha maji, akakisukuma. Usiku wa tano alikunywa mafunda mawili, akageukia ukutani akalala. Siku hizo zilikuwa ngumu kuliko zote za ugonjwa wake, na ningezirudia leo hii.

Ukimbadilishia Salma na vile vinywaji vya lishe vinavyofanana na juisi badala ya vya maziwa, kumbuka vingi vina uchachu wake wenyewe unaolainisha enameli hata bila bakteria, kwa hivyo ngoja kama saa moja ndipo apige mswaki. Na kama anapewa dawa ya maji ya madini ya chuma ukaona meno yameweka weusi, usishtuke: ni rangi ya juu juu na daktari wa meno anaweza kuisafisha.

Mistari myeupe ya Idrisa ilipakwa floraidi, na haikuendelea. Daktari alisema katika hatua hiyo jino bado linaweza kurudishiwa madini likawa gumu tena. Lile lenye hudhurungi lilizibwa. Idrisa alishika kidole changu muda wote na hakulia, mimi ndiye niliyetoka macho mekundu.

Kesho asubuhi, kukiwa na mwanga mzuri, mlaze Salma mapajani kwako kichwa kikielekea dirishani. Mnyanyue mdomo wa juu taratibu kwa kidole gumba, uyafute meno yakauke, maana weupe ule hujificha jino likiwa na mate. Tazama pale jino linapokutana na ufizi. Kisha niandikie umeona nini, hata kama hujaona kitu. Nitakuwa naingojea barua yako.

Mbusu Salma kwa niaba yangu.

Wako,
Mama Idrisa